Rube Foster: Mrusha mpira aliyetaka kushika mlango wa uwanja

MSIMU wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, mkulima wa Bariadi huwa na maswali mawili anayoyauliza hata kabla ya kujua bei ya kilo. La kwanza ni nani ameshika mizani. La pili ni fedha zitatoka lini.

Maswali hayo hayakuanza jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Bariadi ikiwa bado ni sehemu ya Wilaya ya Maswa, wakulima wa Usukuma walichoshwa na vipimo vya wanunuzi, wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kukagua mizani kwenye vituo vya kununulia pamba. Harakati hizo zilizaa vyama vya ushirika vya msingi, na mwaka 1955 vikawa na chombo chao kikubwa, Victoria Federation of Cooperative Unions, chini ya Paul Bomani.

Zaidi ya miaka 30 kabla ya hapo, mtu mweusi mmoja aliyekulia katika mji mwingine wa pamba, mbali kabisa na Usukuma, alikuwa amekwishauliza maswali hayo hayo. Yeye hakuwa na pamba ya kuuza. Mali yake ilikuwa mkono wake wa kulia na mpira mdogo wa ngozi, ule unaoshonwa kwa nyuzi nyekundu za pamba. Jina lake ni Andrew Foster, ambaye Wamarekani walimjua zaidi kwa jina la utani la Rube. Alianza kama mchezaji wa besiboli, akawa meneja wa timu, akawa mmiliki, na mwisho akaanzisha ligi. Alifariki dunia mwaka 1930 akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Besiboli si mchezo wa kwetu, ingawa tangu mwaka 2012 Wajapani wamesaidia kuufundisha katika baadhi ya shule za sekondari nchini. Kwa ufupi, timu mbili za watu tisa tisa hupokezana zamu. Mrushaji wa timu moja husimama katikati na kutupa mpira kwa kasi, naye mpigaji wa timu nyingine huupiga kwa gongo kisha hukimbia kupitia vituo vitatu hadi arudi pale alipoanzia. Kila anayemaliza mzunguko huo huipatia timu yake pointi moja. Mchezo una awamu tisa. Anayeitwa meneja katika besiboli ndiye ambaye kwenye soka tunamwita kocha, maana ndiye anayepanga kikosi na kutoa amri za uwanjani.

Mtoto wa mji wa pamba

Foster alizaliwa Septemba 17, 1879, na alikulia Calvert, mji mdogo wa jimbo la Texas karibu na Mto Brazos. Pamba ndiyo iliyoulisha mji huo, na watu weusi ndio walioilima na kuivuna, miaka isiyozidi 15 tangu utumwa ukomeshwe pale. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Methodist. Kijana hakukaa sana shuleni. Akiwa bado hajafikisha umri wa miaka 20 alikuwa tayari anazunguka Texas na timu ya watu weusi iliyoitwa Yellow Jackets, akirusha mpira kwa malipo ya kubahatisha.

Wakati huo mchezaji mweusi hakuwa na pa kwenda juu zaidi. Katika miaka ya 1880 walikuwapo weusi wachache waliocheza pamoja na Wazungu kwenye ligi za kulipwa, lakini wenye timu walikubaliana kimya kimya kuwafungia mlango. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Hapakuwa na haja ya kuiandika, kwa kuwa kila mmoja aliijua.

Mwaka 1902 Foster alikwenda Chicago, akachezea timu ya Frank Leland, na mwaka uliofuata alikuwa na Cuban X-Giants ya mashariki. Jina lisimdanganye msomaji, kwani wachezaji wake wengi walikuwa Wamarekani weusi na si Wacuba. Mwaka huo wa 1903 timu hiyo ilikutana na Philadelphia Giants kuwania ubingwa wa timu za weusi, ikashinda michezo mitano, na minne kati ya hiyo aliyerusha mpira alikuwa Foster. Philadelphia wakaona dawa ni kumsajili. Mwaka 1904 alikuwa upande wao, na timu aliyoihama ikafungwa.

Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye sauti nzito na maneno mengi. Rube, katika Kiingereza cha mitaani cha Marekani, ni mtu wa kuja, mshamba aliyeingia mjini na matope miguuni. Inasimuliwa kwamba jina hilo alilipata baada ya kumshinda mrushaji maarufu wa Kizungu, Rube Waddell. Kama hadithi hiyo ni ya kweli au imetiwa chumvi, jina lilimkaa, na yeye hakulikataa. Mfanyabiashara anayedhaniwa kuwa mshamba huwa na nafasi nzuri ya kusikiliza hesabu za wenzake.

Mgawo wa mlangoni

Mwaka 1907 Foster alirudi Chicago katika timu ya Leland Giants, safari hii akiwa mchezaji na meneja kwa pamoja. Timu ilishinda michezo 110 mwaka huo na kupoteza 10 tu. Lakini jambo kubwa alilolifanya halikuwa ndani ya uwanja.

Timu za weusi zilikuwa hazina viwanja wala ligi. Ziliishi kwa kualikwa. Wakala, mara nyingi Mzungu, ndiye aliyekuwa na viwanja na shajara ya tarehe. Yeye alipanga nani acheze na nani, wapi, Jumapili ipi, kisha akakata chake kwenye mapato ya mlangoni kabla ya mtu mwingine kuyagusa. Huko New York wakala aliyeitwa Nat Strong alizishika timu nyingi kwa njia hiyo, na aliyegombana naye alikosa mechi. Timu ingeweza kujaza uwanja na bado wachezaji wakaondoka na nauli tu.

Foster alimweleza Leland kwamba kazi ya kupanga mechi aachiwe yeye. Alipoachiwa, alibadili masharti. Badala ya kupokea kiasi kidogo kilichobaki, alidai sehemu kubwa zaidi ya mapato, akijua kwamba watu walikuwa wanakuja kuiona timu yake. Wenye viwanja walilalamika, kisha wakakubali, kwa sababu bila Leland Giants viti vingebaki vitupu. Ukitazama kwa macho ya Bariadi, mtu huyu alikuwa bado hajanunua mizani, lakini alikuwa amesogea karibu kiasi cha kuisoma.

Oktoba 1909 ilipatikana nafasi ya kucheza na Chicago Cubs, timu ya Wazungu iliyokuwa bingwa wa Marekani mwaka 1907 na 1908. Ilikuwa michezo mitatu. Foster alikuwa amevunjika mguu mwezi Julai na alikuwa hajapona sawasawa, lakini mchezo wa pili aliamua kurusha mwenyewe. Hadi kuingia awamu ya tisa, ya mwisho, alikuwa anaongoza kwa 5 kwa 2. Mkono ukachoka, Cubs wakasawazisha. Hapo Foster akasogea kuzungumza, akiamini kwamba mchezo umesimama. Mchezaji wa Cubs, Frank Schulte, akatimua mbio kutoka kituo cha tatu na kufika nyumbani. Mwamuzi akaikubali pointi hiyo. Cubs 6, Leland Giants 5. Foster na wenzake walipinga sana, lakini matokeo hayakubadilika, na timu ikapoteza michezo yote mitatu.

Mchezo huo haukumtoka kichwani. Kwa yeye lilikuwa fundisho kwamba asiyechagua mwamuzi asishangae uamuzi.

Mwaka uliofuata walitengana na Leland kwa ugomvi uliofika mahakamani. Foster alikuwa upande wa mwanasheria mweusi wa Chicago, Beauregard Moseley, na ndio walioshinda haki ya kutumia jina la Leland Giants, hivyo Leland mwenyewe akalazimika kuanzisha timu yenye jina jingine. Timu ya Foster ya mwaka 1910 ilikuwa na John Henry Lloyd, Pete Hill na Bruce Petway, wachezaji ambao wangeweza kucheza timu yoyote duniani kama si rangi yao. Ilishinda michezo 123 na kufungwa 6. Mwaka huo huo Moseley alijaribu kuunda ligi ya timu za weusi. Haikufika popote, lakini Foster aliliona kosa lake, nalo ni kwamba wenye timu hawakuwa na viwanja.

Basi mwaka 1911 akatafuta kiwanja kwanza. Timu ya White Sox ilikuwa imehamia uwanja mpya, ukabaki ule wake wa zamani upande wa kusini wa Chicago, karibu na mitaa waliyoishi watu weusi. Mzungu mmoja mwenye baa, John Schorling, aliushika uwanja huo. Foster aliingia naye ubia, timu ikaitwa Chicago American Giants, na mapato yakawa yanagawanywa kati yao. Karatasi ya ubia huo ni jambo la kulirudia baadaye.

Meneja mwenye kiko

Kama meneja, Foster hakutegemea wapigaji wa mapigo makubwa. Alitaka watu wenye mbio na akili. Alifundisha kuugusa mpira taratibu ukaanguka karibu huku mkimbiaji ameshaondoka, jambo linalomchanganya mlinzi asijue ashike kipi. Inasimuliwa kwamba mazoezini aliwataka wachezaji waudondoshe mpira ndani ya duara alilochora chini, na kwamba mchezaji aliyekamatwa kituoni akiwa amesimama badala ya kuteleza alikatwa dola 5. Alikaa kwenye benchi akiwa na kiko mdomoni, na wapinzani waliapa kwamba moshi wake ulikuwa una ishara.

Mchezo mmoja dhidi ya Indianapolis ABCs husimuliwa hadi leo. American Giants walikuwa nyuma kwa pointi 18 zikiwa zimebaki awamu mbili. Meneja wa kawaida angewaambia vijana wapige kwa nguvu zote. Foster aliwaamuru waguse mpira taratibu, mmoja baada ya mwingine, mpaka ulinzi wa Indianapolis ukavurugika, ndipo yakaja mapigo makubwa. Mchezo ulikwisha 18 kwa 18.

Mshahara kwa wakati lilikuwa jambo la pili lililowavuta wachezaji kwake. Timu yake ilisafiri kwa behewa lake yenyewe, na hiyo haikuwa anasa. Katika majimbo mengi mtu mweusi hakupata hoteli wala chakula mgahawani, hivyo behewa lilikuwa kitanda na jiko. Majira ya baridi, mechi zilipokwisha Chicago, aliwapeleka California au Florida, ambako timu za weusi ziliwachezea wageni wa hoteli za kifahari. Kikosi kilichokaa bure miezi minne kilikuwa hasara, kama ilivyo kwa mashine ya kuchambua pamba isiyo na kazi nje ya msimu. Tofauti ni kwamba mashine haiombi chakula.

Biashara ilisaidiwa pia na jambo ambalo Foster hakulipanga. Kule Kusini mwa Marekani fukusi wa vitumba, mdudu aliyeingia Texas kutoka Mexico katika miaka ya 1890, alikuwa anamaliza mashamba ya pamba jimbo baada ya jimbo. Ongeza ubaguzi na mauaji ya watu weusi, halafu ongeza viwanda vya kaskazini vilivyohitaji mikono wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Familia zilifunga mizigo. Watu weusi wa Chicago walikuwa 44,000 hivi mwaka 1910, na mwaka 1920 walifika 109,000. Walikuwa na mshahara wa wiki na Jumapili ya mapumziko, na wengi wao walikuwa wametoka kwenye pamba kama Foster alivyotoka. Hao ndio waliojaza viti vya Schorling.

Ligi ya Kansas City

Februari 13, 1920, wenye timu walikutana katika jengo la YMCA la mtaa wa Paseo mjini Kansas City. Inasimuliwa kwamba wengi walidhani wanakuja kujadili tu. Foster alikuja na hati za ligi zikiwa zimekwishaandikwa, akaziweka mezani. Ilizaliwa Negro National League, yaani Ligi ya Taifa ya Watu Weusi, yenye timu nane. Chicago ilikuwa na mbili, American Giants na Chicago Giants. Nyingine ni Cuban Stars, Dayton Marcos, Detroit Stars, Indianapolis ABCs, Kansas City Monarchs na St. Louis Giants. Mmiliki Mzungu alikuwa mmoja tu, J. L. Wilkinson wa Monarchs. Foster alichaguliwa kuwa rais.

Mchezo wa kwanza ulifanyika Mei 2 mwaka huo mjini Indianapolis, na ABCs waliishinda Chicago Giants 4 kwa 2.

Utaratibu wake ungeeleweka kwa mwanachama yeyote wa chama cha msingi. Kila timu iliweka amana. Mechi zilipangwa na ligi badala ya wakala wa nje. Asilimia 5 ya mapato ya kila mchezo ilikwenda kwa Foster kwa kazi ya kuendesha ligi, kwani mshahara wa urais hakuwa nao. Wachezaji waligawanywa ili timu zisipishane sana kwa nguvu, na hata mchezaji bora kuliko wote wa wakati ule, Oscar Charleston, aliyekuwa naye Chicago mwaka 1919, aliachiwa arudi Indianapolis. Timu iliyokwama njiani bila nauli ilimpigia simu Foster, naye mara nyingi alituma fedha zake mwenyewe. Mwaka 1923 ligi iliajiri waamuzi weusi, na mtu aliyekumbuka mchezo wa Cubs hakuhitaji kuelezwa sababu.

Mwaka huo wa 1923 ndio unaoonyesha vizuri ukubwa wa biashara. Hesabu zilizotolewa zilionyesha watazamaji takriban 400,000 na mapato ya dola 197,000 hivi. Mishahara ya wachezaji ilichukua dola 101,000, zaidi ya nusu, na nauli za treni dola 25,000. Fedha hizo hazikwenda kwa wakala. Zilizunguka kwa wachezaji, waamuzi, wachapishaji wa matangazo na wenye nyumba za kulala wageni katika mitaa ya weusi.

Malalamiko hayakukosekana. Rais wa ligi alikuwa pia mmiliki wa timu iliyochukua ubingwa miaka mitatu ya mwanzo, 1920, 1921 na 1922. Yeye ndiye aliyepanga ratiba, na wenzake waliona kwamba American Giants walicheza nyumbani Jumapili nyingi kuliko wengine. Asilimia 5 nayo ilizua minong'ono. Foster alijibu kwamba bila yeye wangerudi kwa mawakala, na hilo lilikuwa kweli. Lililokuwa kweli vilevile ni kwamba mizani ilikuwa imetoka mikononi mwa wageni na kuingia mikononi mwa mtu mmoja, na mkaguzi hakuwapo. Ushirika mwingi wa Kanda ya Ziwa umeonja shida ya namna hiyo.

Mashariki, Ed Bolden wa timu ya Hilldale alianzisha ligi ya pili iliyoanza kucheza mwaka 1923, Nat Strong akiwa miongoni mwa washirika wake. Ligi hiyo iliwarubuni wachezaji wa Foster kwa mishahara mikubwa, naye akaona kikosi chake kinapukutika. Hata hivyo alikubali mazungumzo, na Oktoba 1924 mabingwa wa ligi mbili hizo walikutana kwa mara ya kwanza. Kansas City Monarchs waliishinda Hilldale michezo mitano kwa minne, mmoja ukiwa sare.

Kilichokuwa kichwani

Mwezi Mei 1925, akiwa Indianapolis na timu yake, Foster alikutwa hana fahamu katika chumba cha kupanga. Gesi ilikuwa imevuja usiku. Aliokolewa, lakini waliomfahamu waliona kwamba si yule wa zamani. Mwaka 1926 alianza kufanya mambo yasiyoeleweka, na mwaka huo huo alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kankakee, jimboni Illinois. Hakutoka tena. Aliaga dunia Desemba 9, 1930, akiwa na umri wa miaka 51. Maelfu walijitokeza Chicago kumwaga.

American Giants walichukua ubingwa mwaka 1926 na 1927 wakiongozwa na Dave Malarcher, mchezaji aliyelelewa na Foster, na mdogo wake Foster wa baba mmoja, Willie, akiwa mrushaji wao mkubwa. Uwanjani mafundisho yalibaki. Ofisini hayakubaki. Ligi nzima ilikuwa imeendeshwa kutoka kichwa kimoja, ikijumuisha nani anadaiwa, nani ameahidiwa nini, na treni ipi itamfikisha nani wapi. Kichwa hicho kilipougua, hapakuwa na daftari la kumrithisha mtu mwingine. Ligi ilijikokota, ikakutana na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na baada ya msimu wa 1931 ikavunjika.

Hapa ndipo inarudi ile karatasi ya ubia na Schorling. Inaelezwa kwamba makubaliano yao yalikuwa ya kupeana mikono. Miaka 15 yalifanya kazi bila tatizo, maana wote wawili walikuwa wazima na fedha zilikuwa zinaingia. Foster alipolazwa, Schorling alibaki na timu, na mwaka 1928 aliiuza kwa Mzungu mwingine, William Trimble. Sarah, mke wa Foster, hakuwa na hati ya kuonyesha kwamba nusu ya mali ile ilijengwa na mume wake, na hakupata kitu. Mkulima aliyewahi kuacha pamba kwa mnunuzi kwa ahadi ya mdomo, halafu akamkuta mwanawe wa yule mnunuzi msimu unaofuata, anaijua hali hiyo.

Tatizo la makaratasi halikuishia kwake. Ligi nyingine za weusi ziliundwa katika miaka ya 1930, na Monarchs waliendelea kuwapo. Mwaka 1945 walikuwa na kijana aitwaye Jackie Robinson. Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers alimchukua, na Aprili 15, 1947, Robinson akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu katika karne ya 20. Ilikuwa siku kubwa kwa watu weusi wa Marekani. Monarchs hawakulipwa hata senti, kwa hoja kwamba hapakuwa na mkataba wa kuheshimiwa. Mwaka huo huo Effa Manley, mwanamke aliyeiendesha Newark Eagles, aliwabana Cleveland wakalipa dola 15,000 kwa ajili ya Larry Doby. Zilikuwa chache kuliko thamani ya mchezaji, lakini zililipwa. Baada ya hapo nyota wakaondoka mmoja mmoja, watazamaji wakawafuata, na timu za weusi zikafa.

Foster aliingizwa katika ukumbi wa watu mashuhuri wa besiboli huko Cooperstown mwaka 1981, na mdogo wake Willie mwaka 1996. Desemba 2020 wasimamizi wa ligi kuu ya Marekani walitangaza kwamba ligi saba za weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948, ya Foster ikiwa ya kwanza, zitahesabiwa kuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu za wachezaji wake ziliingizwa kwenye kumbukumbu rasmi.

Uwanja wa Schorling uliteketea kwa moto siku ya Krismasi ya mwaka 1940. Baadaye zilijengwa hapo nyumba za umma za kupangisha, zinazoitwa Wentworth Gardens.